Samaki wa asili wa mto wetu wamekwenda wapi, na je, ni sawa kumwaga vifaranga vya perege?

Bondeni Kaskazini aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Ninaishi Kaskazini Unguja, katika bonde la mpunga linalopitwa katikati na mto mdogo unaoanzia kwenye chemchemi za juu na kuishia kwenye mikoko ya upande wa magharibi. Jamaa zangu wa bara wakiuona huucheka na kuuita mfereji, lakini sisi tusiokuwa na Rufiji huo ndio mto wetu, na hata kaskazi ikiwa kali kiasi gani haujapata kukauka wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa skuli, tulikuwa tukivua humo kwa ndoana na kwa migono aliyoisuka marehemu babu yangu kwa chelewa za mnazi. Tulikuwa tukipata perege weusi ambao madume yao yalikuwa na wekundu kwenye ncha za mapezi, kambare, mkunga, kamba wa mtoni, mkizi wadogo waliopanda kutoka baharini wakati wa bamvua, na samaki wadogo weupe ambao sisi watoto tuliwaita vimeta kwa jinsi walivyong'aa wakigeuka juani. Mwezi uliopita nilikaa asubuhi tatu na kimia katika sehemu ileile tuliyokuwa tukivua, juu kidogo ya barabara. Nilipata kambare wawili, mkunga mmoja na kamba wachache. Perege weusi, mkizi na vimeta sikuwaona hata mmoja.

Kila ninayemuuliza ana maelezo yake. Wazee wanasema baraka imeondoka, vijana wanasema ni mabadiliko ya tabianchi, na mimi mwenyewe, nisiwafiche, nimekuwa nikihisi kwamba ni sisi watoto wa wakati ule tuliowamaliza. Mambo yaliyobadilika ninayaona: barabara imejengwa upya na kuwekwa karavati, mizambarau na michikichi ya kando ya mto imekatwa, mashine za kuvuta maji zimeongezeka, na dawa za wadudu zinatumika kila msimu. Ninachoshindwa ni kujua lipi kati ya hayo lina uzito na lipi ni la kusingiziwa tu.

Nauliza kwa sababu kuna uamuzi mbele yetu. Kikundi cha vijana wa shehia yetu kimeahidiwa vifaranga vya perege wa kufuga, nao wanataka kuvimwaga mtoni moja kwa moja, kwa hoja kwamba mto ni mtupu na samaki ni samaki. Mimi ni miongoni mwa wazee wa kamati ya bonde ambao ridhaa yao inatakiwa. Je, ni kitu gani hasa kiliwaondoa samaki wetu? Na je, kumwaga hao wageni ni kuurudishia mto uhai, au ni kuuongezea msiba?

---

Mstaafu wa Makila alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Nilifanya kazi ya uvuvi bara kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaanzia Kanda ya Ziwa na kumalizia bonde la Pangani, kabla sijarudi nyumbani Unguja kupumzika. Nitajibu kwa kirefu, kwani swali lako linastahili.

Kwanza nikutue mzigo wa utoto wako. Watoto wenye ndoana hawamalizi mto. Uvuvi unaomaliza samaki wa mtoni ni ule unaokaa mlangoni wakati samaki wanapita kwenda kuzaa, na mfano wake mkubwa katika Afrika Mashariki ni ningu wa Ziwa Viktoria. Ningu huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha na mito ikifurika hupanda mitoni kwa makundi kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Nyavu za makila, zile zinazotegwa majini zikamnasa samaki kwenye mashavu, ziliingia ziwani humo mwaka 1905, na baadaye wavuvi wakajua kwamba mtu akitega mdomoni mwa mto siku za mafuriko hana haja ya kuzunguka ziwa, kwa kuwa samaki wanamjia wenyewe, tena majike yamejaa mayai. Ilipofika miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka. Watu wengi hudhani kila balaa la ziwa lile lililetwa na sangara, lakini ningu alikwisha kuporomoka kabla sangara hajatamalaki, na hakuliwa na samaki mwenzake bali alizuiwa mlangoni na binadamu. Hadi leo hajarudi katika wingi wake.

Nimeanza na ningu kwa sababu kisa chake ndicho ufunguo wa swali lako. Samaki wengi wa mtoni hawana nyumba moja. Wana pahala pa kutaga, pahala pa kukulia na pahala pa kungojea kiangazi, na baina ya pahala hapo pana njia. Ukiikata njia, hata maji yawe safi kama ya zamzam, kizazi kitakatika. Kwa mito mikubwa njia hukatwa na mabwawa. Wachina walijenga bwawa la Gezhouba katika mto Yangtze mwaka 1981, likawatenga samaki mkubwa mwenye pua ndefu kama kasia na mazalio yake, na mwaka 2022 samaki huyo akatangazwa rasmi kuwa ametoweka duniani. Ripoti iliyotolewa mwaka 2024 kuhusu samaki wa maji baridi wanaohama ilionyesha kwamba idadi yao katika mito iliyofuatiliwa ilishuka kwa wastani wa asilimia 81 baina ya mwaka 1970 na 2020. Sisi hapa visiwani hatuna mabwawa ya umeme, na pengine ndiyo maana hatujitazami. Lakini kwa mto wenye upana wa hatua nne, karavati moja lililowekwa vibaya ni Gezhouba yetu.

Sasa itazame tena orodha yako. Umesema waliobaki juu ya barabara ni kambare, mkunga na kamba, na waliopotea ni vimeta, mkizi na perege. Mimi nilipoisoma nilisimama hapo. Mkunga wa mtoni huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, na wataalamu wanadhani mazalio yake yako upande wa mashariki ya Madagaska. Watoto wake hufika pwani wakiwa wembamba na wang'avu kama kioo, huingia mitoni usiku, na wakikuta kizuizi hupanda kwa kujibandika kwenye mawe au saruji iliyolowa. Watoto wa kamba wa mtoni nao ni wapandaji hodari. Kambare ana kiungo cha kumsaidia kuvuta hewa, na usiku wa mvua hujikokota nchi kavu kwenye majani yaliyolowa akatoka dimbwi moja hadi jingine. Kwa ufupi, waliobaki ni wale wanaoweza kupanda au kuzunguka, na waliopotea ni wale wanaotegemea kuogelea tu. Kama tatizo lingekuwa sumu peke yake, kamba angekuwa wa kwanza kufa, kwa kuwa dawa za wadudu humwua kamba upesi kuliko samaki wengi. Kwa hiyo nakuomba uende kwenye karavati wakati maji yamepungua, usimame upande wa chini, utazame kama maji yanatoka kwenye bomba yakidondoka kutoka juu au yanatoka yakiwa sawasawa na dimbwi. Kisha uvue upande wa chini wa barabara kwa kimia kilekile.

Sisemi mengine hayana uzito. Miti ya kando ikikatwa, jua huupiga mto, maji yakapata moto, na maji ya moto hubeba hewa kidogo ambayo samaki huihitaji. Udongo wa vilimani hushuka na kuziba changarawe na madimbwi ambamo mayai hutagwa. Kuhusu mashine za kuvuta maji, mfano ninaoukumbuka kwa uchungu ni Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi kwa sababu maji mengi ya Usangu huchepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Mto ukikatika, samaki hujazana katika madimbwi machache, na hapo ndege, mamba na wavuvi humaliza kwa wiki moja kazi ambayo ingehitaji miaka. Mto wenu haujakauka wote, alhamdulillahi, lakini hakikisheni lile dimbwi la mwisho, lenye kina, halivutwi na mashine.

Kuhusu vifaranga, jibu langu ni hapana. Uliza kwanza ni perege wa aina gani. Anayefugwa zaidi ni sato, yaani perege wa Mto Naili, kwa sababu hukua upesi. Katika mito na mabwawa ya bara, ikiwamo Pangani nilikomalizia kazi, sato na jamaa zake wageni wametoroka mabwawani na kuzaa na perege wa asili, hata mvuvi mzoefu akiwashika leo hawezi kukwambia yule ni nani. Uzao ukichanganyika hauna njia ya kuuchambua tena.

Hapa pana kisa ambacho Wazanzibari wachache wanakijua. Mwaka 1960 mtaalamu wa uvuvi C. F. Hickling, aliyekuwa akifanya kazi Malacca huko Malaya, alieleza kwamba madume ya perege waliochukuliwa Unguja yakikutanishwa na majike ya perege wa Msumbiji huzaa watoto ambao karibu wote ni madume. Wafugaji wa dunia nzima walifurahi, kwani bwawa la madume watupu halijai watoto. Perege wa Unguja waliotajwa ni wa jamii moja na perege wa Mto Wami, weusi, madume yao yakiwa na wekundu kwenye ncha za mapezi, kama ulivyowaeleza wewe. Urahisi uleule wa kuchanganyika uliowafanya maarufu Malacca ndio utakaowafuta nyumbani kwao, iwapo wamebaki popote, mara tu mtakapowamwagia sato.

---

Mwana wa Mwera alijibu:

Namshukuru mzee wetu kwa darasa. Nataka kuongeza samaki mmoja ambaye muulizaji hakumtaja, na sishangai, maana haonekani mtoni bali kwenye vidimbwi vya bondeni vinavyojaa masika na kukauka baadaye.

Unguja tuna samaki wetu wa pekee, mrefu kiasi cha kidole, dume lake lina mwili wa kijani na buluu na mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Kwa jina la kitaalamu anaitwa Nothobranchius guentheri, na alielezwa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1893 kutokana na samaki waliopatikana kisiwani hapa. Kwa asili hapatikani nchi nyingine yoyote. Maisha yake ni ya ajabu: hutaga mayai kwenye tope, dimbwi hukauka, yeye hufa, na mayai hubaki hai ndani ya udongo mkavu mpaka mvua nyingine inyeshe ndipo yaanguliwe. Katika wiki chache watoto wanakuwa wazima na kutaga tena, kabla maji hayajakauka. Wazee waliosema samaki wananyesha na mvua hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona kweli, ila hawakuchimba chini.

Nimemleta hapa kwa sababu watu wengi wanaotaka kuokoa samaki hufikiri maji mengi zaidi ndiyo dawa. Kwa huyu, kukauka kwa dimbwi ni sehemu ya uzazi. Mtu akilichimba dimbwi lake liwe bwawa la kudumu, kambare na perege huingia na kumla, na mayai hayapati kile kiangazi yanachokihitaji. Mtu akilijaza kifusi apate kiwanja, mayai yote yaliyomo huzikwa chini ya msingi wa nyumba. Hili la kifusi nimeliona kwa macho yangu nje ya mji, dimbwi nililolijua tangu utoto limegeuka kuwa ukuta, geti na mti wa mwarobaini, na mwenye nyumba hana habari wala hana kosa, kwani hakuna aliyemwambia. Hivi sasa samaki huyu anafugwa katika matangi ya kioo Ulaya na kuchunguzwa na wanasayansi wanaotaka kujua jinsi mwili unavyozeeka, na bila shaka anajulikana zaidi kwao kuliko kwetu.

Kwa hiyo, Bwana Bondeni, kamati yenu ikikaa, waulizeni pia wanawake wanaopanda mpunga. Wao ndio wanaoinama kwenye vidimbwi hivyo kila masika, na nadhani watakwambieni kama mkia mwekundu bado upo.

---

Mkulima wa Mpunga alijibu:

Nimesoma yote na nina neno, kwa heshima. Kila mara msiba wa mto unapozungumzwa, mkulima wa mpunga ndiye anayebebeshwa jeneza. Nakubali kwamba mashine yangu imewahi kuvuta dimbwi mpaka nikaona matope, mwaka ambao mvua za vuli zilikatika na mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Nilikuwa nimekopa mbegu na mbolea. Sikuwafikiria samaki, nilifikiria deni.

Lakini tuwe waadilifu. Zamani jaruba lilikuwa shule ya samaki. Masika mto ulipopanda, maji yaliingia majarubani na samaki wadogo wakaingia nayo, wakala wadudu na viluwiluwi vya mbu, na maji yaliposhuka wakarudi mtoni wakiwa wamenenepa. Mkulima na samaki walikuwa majirani. Kilichovunja ujirani ni dawa, na mkulima hakuitengeneza dawa hiyo. Dawa nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni jamaa ya ile itokayo kwenye ua la pareto, ila zimetengenezwa viwandani na hudumu zaidi. Binadamu na ng'ombe huzistahimili kiasi, kwa hiyo muuzaji hukwambia kwamba haina madhara. Kwa samaki na kamba ni sumu kali, tena kwa kiasi kidogo mno. Mimi niliwahi kuuziwa chupa ambayo maelezo yake yote yalikuwa katika lugha nisiyoijua, nikaelezwa kipimo kwa mdomo, nikaenda kuosha bomba la kunyunyizia mtoni kwa sababu ndipo penye maji. Siku iliyofuata kamba walikuwa wamelala pembezoni. Tangu siku hiyo naosha bomba langu shambani, mbali na maji, na chupa siitupi mtoni. Hakuna ofisi iliyonifundisha hayo.

Katika hoja ya vifaranga nipo na mzee wetu. Lakini kuna jambo ambalo hakulisema: wale vijana wanahitaji kitoweo na fedha, na wakiambiwa hapana bila kuonyeshwa njia nyingine watavimwaga usiku.

---

Bi Mwalimu wa Wete alijibu:

Assalaam alaykum. Kwetu Pemba vijito ni vingi kuliko Unguja na milima yetu ni ya mteremko, kwa hiyo habari ya udongo kushuka nakubaliana nayo kwa asilimia mia. Pale ambapo mikarafuu imekatwa na kupandwa muhogo kuelekea chini ya mteremko, mvua moja ya masika huligeuza bonde zima kuwa chai ya maziwa.

Nimeona hakuna aliyetaja utupa, na nadhani tunaonea haya. Watu wetu tangu zamani wameponda mmea huo na kuutia katika madimbwi ili samaki walewe waelee. Wapo wanaosema utupa ni wa asili na kwa hiyo hauna ubaya. Nguvu yake huisha baada ya siku chache kwa jua, hilo ni kweli, na zamani ulitumiwa kwa nadra, mara nyingi kwa makubaliano ya mtaa. Lakini haumchagui mkubwa na mdogo, unaua hata vile ambavyo hakuna atakayevila, na katika dimbwi la mwisho la kiangazi unaua kizazi kizima cha mto. Baya zaidi ni kwamba ujuzi wa utupa ulipopotea, tabia ilibaki, na mahala pa majani pakaingia dawa ya dukani. Nimewahi kuwakuta watoto wa skuli wakifanya hivyo na kuwapelekea mama zao samaki wale wakawapika. Sheria inakataza uvuvi wa sumu, lakini askari hawezi kukaa kila kijitoni. Nilichofanya ni kuwapeleka wanafunzi wangu mtoni na chujio la nazi, wahesabu wadudu na viluwiluwi walio chini ya mawe, mara moja masika na mara moja kaskazi. Mtoto akishajua walioko mle kwa majina, ni vigumu kuwaua kwa mzaha.

---

Bondeni Kaskazini alirejea:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kufanya nilivyoelekezwa kabla ya kuandika.

Jumamosi nilikwenda kwenye karavati pamoja na vijana watatu wa kile kikundi, maji yakiwa yamepungua. Kwa upande wa juu bomba limekaa vizuri. Kwa upande wa chini maji yametafuna udongo miaka yote hii, na sasa mdomo wa bomba unaning'inia zaidi ya shubiri mbili juu ya dimbwi. Nimepita juu ya barabara hiyo maelfu ya mara na sikupata kushuka kuchungulia. Tulirusha kimia chini yake. Katika mirusho sita tulipata mkizi wadogo kumi na mmoja na vimeta wengi hata tukaacha kuhesabu, wote wamejazana pale kama abiria waliokosa boti. Tulipokwenda juu ya barabara, hatua thelathini tu kutoka pale, hatukupata hata mmoja. Kijana aliyekuwa mkali kuliko wote katika kudai vifaranga vimwagwe alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini waliojenga hawakuliweka bomba chini zaidi.

Kwa Mkulima wa Mpunga: nimelichukua neno lako. Vijana wamekubali kuchimba bwawa la kufugia katika shamba la mmoja wao, juu ya mstari ambao mafuriko ya masika hufika. Nawaomba wenye ujuzi wanieleze mambo mawili: tufanye nini kwa karavati, na je, bwawa hilo lina hatari gani kwa mto?

---

Mstaafu wa Makila alijibu:

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Karavati si lenu, kwa hiyo pelekeni barua kwa sheha ifike kwa wahusika wa barabara, mkiambatanisha picha na kipimo. Mkiruhusiwa, njia nyepesi ni kulinyanyua dimbwi badala ya kulishusha bomba. Pangeni mawe makubwa upande wa chini kwa ngazi ndogondogo, kila ngazi isizidi kimo cha kiganja, mpaka maji ya dimbwi yaufikie mdomo wa bomba na kuingia ndani kidogo. Msizibe bomba wala msilipunguze, kwa kuwa masika yatakuja na barabara itakatika, na lawama itakuwa juu yenu. Ndani ya bomba, mawe machache yaliyokazwa chini huwapa samaki wadogo pahala pa kupumzika dhidi ya mkondo. Msiudharau udogo wa kazi hii. Marekani walibomoa mabwawa mawili ya mto Elwha baina ya mwaka 2011 na 2014, na samaki waliokuwa wamezuiwa tangu mwanzo wa karne iliyopita walianza kupanda wenyewe, bila kualikwa na mtu.

Kuhusu bwawa, maji yake ya kutolea yasielekezwe mtoni bali kwenye migomba, na mdomo wa bomba la kutolea uwekwe wavu wa matundu madogo. Wakiambiwa kwamba vifaranga vyote ni madume na kwa hiyo hata vikitoroka havitazaa, wasiliamini sana hilo, kwa sababu majike machache hupenya kila mara, na dume moja likikutana na jike la asili linatosha kuanza mchanganyiko.

---

Mwana wa Mwera alijibu:

Swali moja tu, Bwana Bondeni: na wale perege weusi?

---

Bondeni Kaskazini alijibu:

Hatukuwaona, si juu wala chini. Tumepita mpaka kwenye mikoko, na kesho kutwa tutajaribu dimbwi la chemchemi ambako mashine hazifiki kwa sababu ya mawe. Kuhusu mkia mwekundu, mke wangu aliposikia nikisoma maelezo yako alicheka, akasema wanawake wanaopanda mpunga wanamjua na humwita samaki wa mvua, na kwamba masika iliyopita alimwona katika jaruba la dada yake. Nimemwomba anionyeshe dimbwi lenyewe ili lisije likachimbwa.

Barua ya karavati imekwishafika kwa sheha. Yule kijana mkali ndiye aliyeiandika, na wakati tukirudi aliniuliza perege weusi walikuwa wakubwa kiasi gani. Nilimwonyesha kwa kiganja, akataka nimwonyeshe tena.